Goti, Chuo au Duka: Pima Njia Yako kwa Mwezi wa Aprili

Alikuja Jumanne, masika inanyesha tangu alfajiri, kaunta buku lake amelifunga kwenye mfuko wa rambo lisilowe. Ni mtoto wa mama yangu mdogo, kijana wa Machame mwenye miaka 34, na miaka 11 ya hiyo ameimaliza akipandisha wageni Kilimanjaro. Alianza mpagazi, akawa msaidizi, sasa ni gaidi kamili (kutoka "guide", mwongoza wageni), neno ambalo mama yake mpaka leo hataki lisemwe karibu na kanisa. Alipanda Kosta ya asubuhi kutoka Moshi, akashuka Kijenge, huku kwangu Arusha, na kabla sijatua chai mezani akasema, "Dada, goti limekataa."

"Limekataa kupanda au kushuka?"

"Kupanda halina neno. Kushuka ndiyo kazi."

Wanaoujua mlima wameshaelewa. Ukipandia Machame, siku ya kilele unaondoka kambi ya Barafu usiku wa manane, unafika kilele cha Uhuru, mita 5,895, na jioni ileile unalala Mweka Camp, kama mita 3,100. Huko ni kushuka karibu mita 2,800 kwa siku moja, na aghalabu kuna mgeni amekuning'inia begani. Goti lililofanya hivyo miaka 11 lina haki ya kukataa.

Ndani ya kaunta buku alikuwa amepiga mistari akapata safu nne: dereva wa safari za mbugani, chuo, duka la kukodisha vifaa vya mlimani pale Moshi, na kazi ya ofisini, idara ya operesheni, kwenye kampuni inayomfahamu. Chini ya kila safu aliandika pesa ya mwezi. Duka ndilo lililokuwa na namba kubwa kuliko zote. Kwenye daftari, duka huwa halishindwi.

Nikamwomba kalamu. Haya yafuatayo ni mambo tuliyoyafanya pale mezani kwa saa tatu, nimeongezea na ya kwangu, maana mimi pia nilishawahi kukaa upande ule wa meza.

Unapata shilingi ngapi, kweli?

Nilimuuliza sasa hivi anapata ngapi. "Milioni na laki tatu," akajibu bila kufikiri. Nikamwambia hiyo ni Agosti, tuandike mwaka.

Juni mpaka Oktoba, miezi mitano ambayo wageni wanagongana getini, kwa mshahara wa siku na tipu alikuwa anafikisha 1,300,000 kila mwezi. Hiyo ni 6,500,000. Desemba mpaka Februari, miezi mitatu ya 700,000, ni 2,100,000. Halafu Machi, Aprili, Mei na Novemba. Hapo akakuna kichwa. Miezi yote minne kwa pamoja ilikuwa imempa laki nne, na laki moja kati ya hizo alikopa kwa rafiki akaiita kazi. Tukaiacha tu iingie. Jumla 9,000,000. Gawanya kwa 12: ni 750,000 kwa mwezi.

Aliitazama ile namba kama mtu anayeitazama picha yake ya kitambulisho.

Sasa ile ofisi ilikuwa imemtajia 700,000, na yeye alishaipiga mstari kwa sababu "ni nusu ya ninayopata." Tukaifumua. Kwa mgawanyo wa kawaida wa NSSF anakatwa asilimia 10, yaani 70,000. Inabaki 630,000 ya kukatwa kodi: 270,000 za mwanzo hazikatwi kitu, 250,000 zinazofuata zinakatwa asilimia 8, na 110,000 za juu asilimia 20. PAYE yote ni 42,000. Mkononi anabaki na 588,000. Mwajiri naye anaweka 70,000 yake NSSF, kwa hiyo kila mwezi 140,000 inaingia kwenye jina lake, kitu ambacho mlimani, kwa kazi zake za kuitwa safari kwa safari, hajawahi kuwa nacho. Jumlisha 588,000 na 140,000 upate 728,000. Tofauti na mlima ni 22,000. Na goti.

Ndiyo maana nasema usipime njia yoyote kwa Agosti yake. Ukipima kwa Agosti kila kitu Arusha kinalipa: kuosha magari kunalipa, kuuza karanga pale Mnara wa Saa kunalipa. Aprili ndiyo inayosema kweli, magari ya utalii yakiwa yamepangwa uani, kambi zimekunjwa, na fundi wa Land Cruiser, dobi wa lodji na mama anayepeleka mboga hotelini wote wanalala mapema kwa sababu hakuna cha kuamkia. Na kuna Aprili ambazo haziishi Mei. Tarehe 16 Machi 2020 alitangazwa mgonjwa wa kwanza wa corona nchini, na alikuwa hapahapa Arusha. Aprili ya mwaka ule ilikaa mwaka na ushee.

Mimi wakati huo nilikuwa rezevesheni, kwenye kampuni ya safari. Nitaifikia.

Mlimani kwenda mbugani

Hii ndiyo hatua wanayoifikiria magaidi wengi wa mlima goti likianza kulia, na kwa macho inapendeza: wageni ni walewale, tipu ipo, na badala ya kutembea umekaa. Lakini ukiiweka pembeni ya kazi ya mlima safu kwa safu, mambo mawili yanajitokeza.

La kwanza ni Aprili. Ni ileile. Mvua inayofuta njia ya Umbwe ndiyo inayozamisha gari Tarangire. Umehama nyumba, umebaki na mwenye nyumba yuleyule.

La pili ni mwili. Muulize dereva yeyote wa mbugani aliyepita miaka kumi kuhusu kipande cha kutoka lango la Naabi kwenda Seronera. Wengine wana mito ya mgongo waliyoshonewa na wake zao. Unabadilisha goti kwa kiuno.

Kuna na ujuzi, ambao watu huuchukulia kwa wepesi mno. Mgeni wa mlimani anauliza tumebakiza saa ngapi. Wa mbugani anauliza yule ndege mdogo wa bluu kwenye mgunga pale anaitwa nani, anakula nini, na mbona jike lake halina rangi. Unahitaji leseni ya daraja linaloruhusu kubeba abiria, unahitaji miaka ya kukaa pembeni ya dereva mwenyeji, na siku hizi ukitaka kuitwa kabla ya wenzako unahitaji Kijerumani, Kifaransa au Kihispania. Kijana wangu ana Kiingereza cha mlimani, kizuri kabisa cha kumtia mtu moyo saa kumi za usiku, lakini si cha kueleza ndoa za ndege.

Mwenye miaka 24 na goti zima ningemwambia nenda. Kwa yeye, hapana. Tukaivuka.

Ofisini, na barua niliyoisaini

Alichokuwa anakiogopa kwenye safu hii hakikuwa mshahara. "Dada, mimi kukaa?" Akadhani operesheni ni kushinda mbele ya kompyuta. Nikamtaka anieleze Jumanne ya kawaida ya yule anayemwachia kazi, saa kwa saa. Ikatokea kwamba yule bwana saa kumi na moja alfajiri yuko stoo anahesabu mahema na mitungi ya gesi, saa tatu yuko getini kwenye mzani anahakikisha mzigo wa mpagazi hauzidi kilo 20, mchana yuko soko la Mbuyuni anabishana bei ya viazi, na jioni ndiyo anakaa dakika arobaini kuandika ripoti. Huko si kukaa. Kazi hiyo kijana wangu ameifanya miaka sita bila kulipwa kwa jina hilo. Gaidi anayeongoza watu 25 kwa siku saba, akigawa chakula, akisuluhisha ugomvi wa wapishi na kuamua nani ashushwe kwa machela, ni meneja. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemwambia aandike hivyo kwenye wasifu wake.

Kwa hiyo safu ya ofisi ikapanda. Sharti langu lilikuwa moja tu: mkataba. Usikubali "tutaandikiana ukishaanza." Na kwenye mkataba huo tafuta mstari unaozungumzia miezi ya mvua, kwa sababu ofisi nyingine huajiri kwa mwezi lakini Aprili zikawapeleka watu likizo bila malipo, na hapo faida yote ya njia hii imeyeyuka.

Sasa ya kwangu. Mwishoni mwa Aprili 2020 tuliitwa mmojammoja. Niliambiwa kwa upole sana kwamba nikiandika barua ya kuacha kazi kwa hiari itakuwa rahisi kunirudisha hali ikitulia. Nilikuwa na miaka 9 kamili pale. Niliandika kwa mkono wangu, mistari minne, na nikamshukuru bosi kwa ushirikiano.

Barua ile ilinigharimu hivi. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mwajiri akikupunguza kwa sababu za kibiashara anatakiwa akupe notisi, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi haipungui siku 28, na kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili uliofanya kazi, mpaka miaka 10. Kwangu zilikuwa siku 63 za mshahara. Anayeacha mwenyewe hazipati. NSSF nako kuna fao la kukosa ajira, asilimia 33.3 ya mshahara kwa muda usiozidi miezi 6, kwa aliyechangia angalau miezi 18. Aliyeacha kwa hiari halipati. Na malalamiko ya kuachishwa kazi yanapelekwa CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30. Mimi nilikuja kuyajua haya mwezi wa tatu baada ya barua ile, kwenye daladala, nikimsikiliza mama mmoja akimweleza mwenzake.

Kama uko katikati ya kubadili kazi, basi, namna unavyotoka ni sehemu ya mtaji wa unakokwenda. Kijana wangu hana cha kudai mlimani kwa sababu kazi zake zote zilikuwa za kuitwa. Wewe uliyeajiriwa, hesabu kwanza kabla hujashika kalamu.

Duka

Hapa ndipo tulipokaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo moyo wake ulipokuwa.

Wazo lenyewe si baya. Wageni wengi wanatua KIA bila koti la baridi kali, bila fimbo, bila mfuko wa kulalia, na wanakodi Moshi. Vifaa vinaachwa na wageni wakishuka, vingine vinaokotwa kwenye mitumba ya Kiboriloni na Memorial ukiwa na jicho, na yeye jicho analo: anajua zipu itakayokatika na soli itakayobanduka. Alishaona fremu. Mwenye fremu anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na anayeondoka anataka kilemba, pesa ya kumwachia nafasi.

Nikamwonyesha za kwangu. Oktoba 2020 nilifungua duka la vitenge karibu na Soko Kuu kwa 6,500,000, akiba yangu yote. Kilemba 1,500,000. Kodi ya miezi sita, 250,000 kila mwezi, nayo 1,500,000. Shelfu, taa, rangi na grili 600,000. Nilipomaliza kupiga picha za ufunguzi, 3,600,000 zilikuwa zimeshaingia kwenye ukuta wa mtu mwingine, zimebaki 2,900,000 za mzigo. Vitenge vya 2,900,000 ukivitandaza kwenye duka la Arusha vinaonekana kama mtu ameanika nguo. Mteja anaingia, anazungusha macho mara moja, anasema "nitarudi." Mei 2021 nilimkabidhi mwenye fremu funguo, na nilikuwa nimefika hatua ya kuulizia ile mikopo ya riba kali wanayoiita kausha damu. Asante Mungu yule jamaa hakupokea simu siku ile.

Kwa hiyo mtu akiniuliza mtaji wa duka, mimi simuulizi ana ngapi. Namuuliza baada ya fremu atabaki na ngapi ya mzigo, na baada ya mzigo atabaki na miezi mingapi ya kula nyumbani bila kuchota dukani. Kama jibu la swali la pili halifiki miezi sita, fremu isubiri; anzia barazani, anzia kwenye meza, anzia kwa simu na wateja watano unaowajua. TIN ya TRA haina malipo, na mauzo ya mwaka yasiyofika milioni nne hayatozwi kodi ya mapato, kwa hiyo kuanza kidogo si kosa.

Halafu tukaipeleka hesabu yake Aprili. Nani anakodi koti la mlimani Aprili? Hakuna. Duka la vifaa vya mlimani linakufa siku ileile mlima unapokufa, na kodi ya fremu haijui masika. Alikuwa anataka kutoka mlimani kwa goti lake huku pesa yake yote akiipandisha.

Nikamkumbusha na jambo lingine ambalo Arusha ililiona. Mahakama ya Kimbari ya Rwanda ilipofungwa mwisho wa 2015, baada ya miaka mingi pale AICC, jirani yangu mmoja wa Njiro aliyefanya kazi huko aliweka pesa zake kwenye gesti. Wazo zuri, hesabu nzuri. Alipoweka bango akagundua kwamba wenzake wawili wa ofisini wameweka yao kwenye barabara hiyohiyo. Watu wanaotoka sehemu moja kwa wakati mmoja hufikiri biashara moja. Nikamuuliza: magaidi wangapi unaowajua wana wazo la kukodisha vifaa? Akaanza kuhesabu kwa vidole, akahamia mkono wa pili, akanyamaza.

Ni wakati huo ndipo nilipouliza, bila maana yoyote, "Na shemeji hajambo? Bado yuko Mbuyuni?"

Mke wake ana meza ya maharage soko la Mbuyuni. Meza tu, na turubai. Kwenye kaunta buku lote, kurasa nane, meza hiyo haikuwepo hata mara moja.

"Aprili iliyopita mlikula nini?"

"Si alikuwa anauza yeye."

"Anauza nini Aprili?"

"Maharage. Bei inakuwa juu, ya zamani yameisha na mapya hayajatoka." Halafu akaweka kikombe chini. Nadhani ndipo alipojisikia mwenyewe.

Tazama inavyokaa. Maharage ya masika huku kwetu yanavunwa kuanzia mwezi wa saba na wa nane, bei inashuka, na hiyo ndiyo miezi mfuko wake unapojaa pesa za wageni. Masika ikirudi bei inapanda, na hiyo ndiyo miezi yeye hana kitu. Mlima na maharage vinapishana kama zamu za mlinzi wa mchana na wa usiku. Kwa miaka yote mke amekuwa akinunua gunia mojamoja kwa sababu hana mtaji wa kuhifadhi, na mume amekuwa akimaliza pesa ya Oktoba kwa mambo ya Desemba, maana Mchaga Desemba lazima ahesabiwe nyumbani na mbuzi aonekane.

Hatari zake zipo, na tuliziandika. Wadudu wanaweza kutoboa gunia zima ndani ya miezi miwili kama hukukausha vizuri na kutumia mifuko isiyopitisha hewa. Bei inaweza isipande. Na kubwa kuliko zote, ile ni biashara ya mke. Akiingia na pesa zake aingie kama mtu anayekaribishwa, asiende kubadilisha bango. Kikundi chao cha wanawake sokoni pia kinaweza kuomba mkopo usio na riba wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ambapo wanawake wana fungu lao la asilimia 4. Yeye anafukuzia mtaji wa kwake, kumbe ulio karibu zaidi uko kwa mama watoto.

Kwa hiyo ukilinganisha duka jipya na meza ya zamani: duka lina jina lake ukutani, meza ina wateja. Mimi ningechagua meza.

Darasani

Kuna kichekesho katika safu hii. Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika, Mweka, kipo tangu 1963 kwenye miteremko ya mlima uleule, na gari linalowarudisha wao mjini kutoka geti la Mweka linapita karibu yake. Miaka 11 amepita pale akiwa na matope mpaka magotini, na anasema kila mara alikuwa anaangalia upande wa pili.

Ana cheti cha kidato cha nne: C moja, D nne, na F ya hesabu kama wengi wetu. Kuingia ngazi ya astashahada vyuo vingi vinataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, ingawa kozi nyingine zinataja masomo maalumu. Anaingia. Tatizo ni urefu wa njia: kutoka kidato cha nne mpaka stashahada ni kama miaka mitatu. Ataingia na 34, atoke na 37.

Hapa watu wengi huangalia ada peke yake. Ada unaiuliza chuoni ukajibiwa kwa dakika moja. Gharama yenyewe ni misimu utakayoikosa. Lakini tulipoiweka kalenda ya chuo juu ya kalenda ya mlima, ikawa si mbaya kama alivyofikiri. Likizo ndefu za vyuo vingi huangukia katikati ya Julai na Oktoba, kwenye kilele cha wageni. Masomo ya muhula wa pili yanakula Machi, Aprili na Mei, miezi ambayo hata hivyo alikuwa anashinda anapiga soga stendi. Anachopoteza kweli ni Desemba mpaka Februari, ile 2,100,000, kwa miaka mitatu, na kidogo cha Juni. Na likizoni si lazima apande kileleni. Safari za siku moja za Materuni, maporomoko na kahawa, goti linazimudu.

Ninachokipinga ni kusoma kwa sababu hujui la kufanya. Chuo ni mahali pazuri sana pa kujificha, hasa ukiwa na miaka thelathini na kitu, kwa sababu hakuna anayekusema: unasoma. Nilimwambia aende kwa watu watatu wenye kazi anayoitaka awaulize ile karatasi iliwafungulia nini, na amuulize bosi wa operesheni swali moja tu: mwenye stashahada na asiye nayo unawalipa tofauti gani? Kama hakuna tofauti, kozi fupi ya huduma ya kwanza, kompyuta na lugha, tena ndani ya Aprili na Mei, inamtosha kwa sasa. Na wanaofikiria shahada kwa mkopo wa bodi wakumbuke kwamba ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe. Weka makato hayo kwenye hesabu ya mshahara mpya kabla hujaufurahia.

Mimi mwenyewe baada ya vitenge nilisoma uhasibu jioni, miaka miwili, nikaanza kutunza vitabu vya biashara ndogo. Hawa wateja wangu wana Aprili za aina tofauti: mwenye duka la pembejeo anachangamka Machi, mwenye sare za shule Januari, mwenye saluni Desemba. Sikupanga hivyo, ilitokea tu. Lakini siku hizi mteja mpya akinijia namuuliza mwezi wake mbaya kabla sijamtajia bei.

Serikalini alitaja mwishoni, akiwa amesimama. Nilimwambia ajisajili kwenye Ajira Portal usiku huohuo, matangazo mengi yanataka mtu asiyezidi miaka 45 kwa hiyo ana muda, halafu asahau kwamba amejisajili. Kuomba ni bure. Kuishi kwa kusubiri ndiko kunakomaliza watu.

Nilivyompangia

Alitaka nimwambie moja. Dada wa mtu akiombwa ushauri hategemewi kujibu "inategemea." Nikamwambia: chukua ofisi, kwa mkataba, kwa mwaka mmoja. Pesa ya fremu mpe mkeo mwezi wa nane mnunue magunia, mkaushe, mhifadhi. Aprili ijayo ndipo uniletee kaunta buku hili, tuone kama chuo bado unakitaka au ulikuwa unalikimbia goti.

Hakuipenda. Alisema kule operesheni wapagazi walewale aliowaongoza yeye ndio watakuwa wanamwona anapima mizigo. Hilo sikuwa na hesabu yake. Nilimwambia ni kweli, watamwona.

Aliondoka saa kumi kuwahi Kosta, mvua imekatika, maji yanateremka barabarani rangi ya chai ya maziwa. Mwezi wa sita mwishoni akapiga simu, upepo mwingi, watu wanaimba nyuma. Alikuwa geti la Mweka na kundi lake la mwisho mwisho, alivyosema, wageni wanagawa tipu.

"Dada, maombi ya chuo yanafungwa lini?"

"Si uko hapo jirani? Ukifika kaulize."

"Na haya matope?"

"Wamezoea."